Ukili wa Mnemba

Usiku wa jana, tumbo limejaa kiporo cha maharage na moyo umejaa aibu, niliota nimeitwa shuleni kurudia mtihani wa darasa la saba. Barua ilisema ule wa kwanza, nilioufanya mwaka sabini na nne, ulisahihishwa na mtu aliyekuwa anasinzia.

Sikushangaa. Siku zote nilihisi.

Lakini ndoto haianzii kitandani. Ndoto huanzia mchana, kwa hiyo nitangulize mchana.

Mimi ni Mwantumu, msuka mikeka. Naishi na mjukuu wangu Sikudhani, yuko darasa la sita. Namwita mke mwenzangu, maana babu yake alipokuwa hai alikuwa akimpa mtoto huyu mapande ya samaki makubwa kuliko yangu, na mimi mambo hayo sisahau.

Mwezi uliopita nilitoka nyumbani alfajiri kwenda mazikoni nimevaa ndala mbili za kushoto, moja ya bluu, moja ya kijani. Watu walinipa pole mara mbili, moja ya msiba, moja ya miguu. Sikudhani hakucheka. Siku ya tatu akaanza kusuka.

Alisuka ukili, ule utepe mrefu wa miyaa, majani makavu ya mkindu, ambao ukiushona ubavu kwa ubavu ndio unapata mkeka. Ndani ya ukili akapitisha nyaya mbili za shaba, kazichuna ganda lake ziwe tupu, zing'ae kama mapambo. Juu akashikiza kipande chembamba cha bati la kopo, kimeinuka kidogo kama kope la jicho. Ukikanyaga mkeka, bati linalala juu ya nyaya zote mbili, na balbu ndogo ya tochi inawaka pale penye ndala. Ukiondoa mguu, bati linainuka, balbu inazima. Hayo ndiyo yalikuwa makusudio.

"Nimekutengenezea wewe, Bibi," akaniambia. "Usije ukazikwa na wewe una miguu ya kushoto."

Mkeka ule akaupeleka shuleni Jumatatu, maana kila mwanafunzi alitakiwa kuleta mradi wa sayansi, na mmoja tu ndio utachaguliwa kwenda maonyesho ya wilaya. Akakanyaga, akaunganisha betri, ikawaka, wenzake wakapiga makofi. Kengele ikagonga. Akaukunja haraka, akautia kwenye kiroba, Mwalimu Semkiwa akaufungia kabatini.

Jana Alhamisi wazazi tuliitwa tuje tuone. Sikudhani akautandika mbele yetu. Akakanyaga. Giza. Akakanyaga tena, kwa nguvu kidogo. Giza. Akaruka juu yake kama anaua nge.

Mwalimu Semkiwa si mtu mbaya. Ni kijana nadhifu, ana tai, na maneno yake ameyapanga kama vikombe kabatini. Akasema, "Sikudhani, mkeka ni sanaa. Sanaa ina kipindi chake, Jumatano saa nane. Leo ni sayansi." Halafu akatugeukia wazazi. Akatueleza kwamba dunia sasa imeingia kwenye akili mnemba, kompyuta zinafikiri zenyewe, na watoto wetu wasipokuwa na akili mnemba wataachwa nyuma.

Mimi nilikaa nyuma, karibu na dirisha, na sikio langu la kulia lilikwishastaafu. Nikasikia ukili wa Mnemba.

Nikasimama. Mtu asiyejua kitu akae, lakini ukili ndio kazi yangu. Nikasema, "Mwalimu, ukili wa Mnemba mimi sina, kisiwa chenyewe nakisikia tu. Ila wa hapa hapa ninao pima ishirini juu ya dari. Kama dunia inautaka, iseme."

Mwenyekiti wa kamati ya shule alicheka mpaka akaomba maji. Benchi la mbele likapinduka na watu wake. Mwalimu Semkiwa alijizuia kwa adabu, lakini tai yake ilikuwa inatikisika. Nikacheka na mimi, kwa sababu ukichekwa ukacheka, hesabu inakuwa mmechekeana. Kisha nikamwona Sikudhani kando ya mkeka wake, amejifunika uso kwa daftari.

Nyumbani akaubwaga mkeka mlangoni.

"Kesho asubuhi nitaufumua," akasema. "Nitapeleka volkano ya boksi kama wenzangu."

"Kwa sababu yangu?"

"Si kwa sababu yako, Bibi."

Alisema kama wasemavyo watu ambao ni kwa sababu yako. Nikatafuta neno la utani, mimi niliyewahi kuwachekesha watu kwenye foleni ya sindano, nikaishia jikoni. Nikavunja nazi ya mihogo ya asubuhi, nikaviweka vizio vyake viwili kwenye sahani, nikavifunika kwa kawa, kifuniko changu cha miyaa, nikaenda kulala.

Ndipo barua ikaja.

Nasogeza pazia la mlango, na shule iko hapo hapo uani, pale kwenye banda la kuku. Langoni amesimama Kumi na Tatu. Namtambua mara moja. Moja yuko mbele, amekonda, amenyooka. Tatu yuko nyuma, katokeza tumbo na kitu kingine. Wamejifunga kanga moja.

"Shikamoo, Bi Mwantumu."

"Marahaba, mwanangu. Tunajuana?"

"Miaka karibu sitini unanisuka, leo unaniuliza tunajuana!"

Ni kweli. Ukili wangu ni wa miyaa kumi na mitatu, tangu nilipofundishwa na mama yangu.

"Nisamehe," nikamwambia. "Sikuwahi kukuona umevaa. Mbona mnyonge?"

"Wameniandika tasa."

"Nani huyo?"

"Wote. Kwenye vitabu vya hesabu. Namba tasa. Eti kwa sababu sigawanyiki ila kwa moja na kwa mimi mwenyewe."

"Shoga yangu, hiyo ni raha! Mimi nimezaa watoto wanane, nimegawanyika mpaka baki sina."

Akacheka sana, mpaka Tatu akafumba kwa mbele akawa Nane, na kwa dakika nzima langoni alisimama Kumi na Nane, akigawanyika ovyo. Kisha akajizoa, akajifunga kanga vizuri.

"Pita," akasema. "Lakini usishtuke. Mjukuu wako wamempangia ratiba."

Darasani kuna mstari wa chaki sakafuni, umeanzia ubaoni mpaka ukuta wa nyuma. Upande wa kulia pameandikwa SAYANSI. Upande wa kushoto pameandikwa SANAA. Upande wa Sayansi, juu ya dawati, kimewekwa kichwa cha Sikudhani, kimesukwa vizuri twende kilioni. Upande wa Sanaa, juu ya dawati jingine, ipo mikono yake. Damu hakuna. Ni ratiba tu.

"Shikamoo, Bibi," kikasema kichwa.

"Marahaba, mke mwenzangu. Mikono umeiacha?"

"Kipindi chake Jumatano saa nane. Leo Sayansi. Bibi, hebu niangalizie, imekula?"

Nikachungulia. Mikono ilikuwa inasuka hewa, miyaa hakuna. Sijui ilinionaje, lakini mmoja ukanipungia.

"Haijala. Ila inakusalimu."

"Iambie pua inaniwasha tangu asubuhi."

Nikamkuna pua. Nimemkuna tangu yuko mgongoni, sikujua kama ipo siku nitaifanya kazi hiyo huku nalia.

Mlango unafunguka. Anaingia msimamizi wa mtihani, na msimamizi ni Pembetatu. Ana pembe tatu kweli, kama mbuzi aliyezidishiwa, na hatembei, anabingirika: pap, pap, pap.

"Mtahiniwa Mwantumu," akasema. "Maswali mawili. Ukifaulu, mtoto anarudishwa mzima. Ukifeli, ratiba inaendelea mpaka amalize shule."

"Na akimaliza?"

"Kichwa kitatafuta kazi mjini. Mikono itabaki hapa kijijini."

Nikakaa. Dawati lilikuwa dogo, magoti yakanifika masikioni.

"Kwanza unijue," akasema Pembetatu. "Mimi pembe zangu zote jumla ni nyuzi mia na themanini. Si zaidi, si pungufu."

"Nyuzi za rangi gani?"

Akasimama kwenye pembe moja.

"Nimefundisha miaka mingi," akasema taratibu, "na hakuna aliyewahi kuniuliza." Akajichungulia ndani. "Nadhani za zambarau."

"Zambarau inapendeza. Ila uitie ndimu, vinginevyo inachuja."

Akaandika mahali neno ndimu. Kisha akakohoa akarudi kazini.

"Swali la kwanza. Pima urefu wa aibu ya mtoto huyu."

Hilo halikunipa taabu. Nilianzia pale kwenye daftari alilojifunikia uso, nikapima kwa mkono mpaka mlangoni, nikapita uwanja wa shule, nikapita mbele ya nyumba ya mwenyekiti ambaye bado alikuwa anakunywa maji, nikafika kwangu, nikagusa mkeka uliobwagwa, nikarudi.

"Pima mia tatu na shibiri moja," nikasema. "Shibiri ni pale aliposema si kwa sababu yako."

"Kizio?"

"Kimefanyaje?"

"Jibu lisilo na kizio ni sifuri."

Hapo tukaelewana. Nikaingiza mkono ndani ya kanga nikatoa sahani, na kawa juu yake, kama nilivyoiacha jikoni.

"Viko viwili," nikasema. "Nimevunja jana jioni. Unataka chenye jicho au kisicho na jicho?"

Pembetatu akanusa. Hakufunua, maana hana mikono. Alipiga pembe zake zote tatu kwa mpigo mmoja juu ya kawa, akapitiliza, akanyofoa kizio kimoja kwa chini, sijui kwa njia gani, sahani haikutikisika.

"Kizio kimepokelewa," akasema. "Vema."

Kichwa cha Sikudhani kikatabasamu. Upande wa pili wa mstari, mikono ikapiga makofi. Mwenye makofi na mwenye tabasamu walikuwa hawaonani.

"Swali la pili," akasema Pembetatu. "Changanya Sanaa na Sayansi."

"Kwa mwiko au kwa mkono?"

"Kwa ndoo."

Zililetwa ndoo mbili. Zilijileta. Katika ndoo ya Sanaa mlikuwa na rangi, na ngozi ya ngoma, na wimbo ulioelea juu kama majani ya mchaichai. Katika ndoo ya Sayansi mlikuwa na sumaku, mvuke, na chura mmoja aliyekuwa anajieleza sehemu zake za ndani kwa sauti ndogo. Na kengele ya shule, ile rimu ya gari inayoning'inia nje, ikapiga kelele yenyewe: "Changanyeni! Changanyeni! Muda!"

Nikamimina moja ndani ya nyingine. Nikakoroga. Wimbo ukazama. Sumaku ikaota kutu. Chura akasema sasa yeye hajui tena ini ni lipi.

"Umepata nini?" akauliza Pembetatu.

Nikatazama. "Maji ya kuoshea masufuria."

"Sifuri," akasema, kwa huzuni. "Wote wanapata hayo. Una jaribio moja la mwisho. Lakini sikiliza, humo ndani kuna mtu anakoroma."

"Sikoromi," sauti ikajibu kutoka chini ya ndoo. "Ningekuwa nakoroma ningeshukuru."

Nainama kuchungulia, na ndoo ni zahanati. Niko ndani. Sakafu imepigwa deki. Juu ya kitanda cha chuma imelazwa balbu ndogo ya tochi, imefunikwa shuka mpaka shingoni, macho makavu.

"Pole, mwanangu," nikasema. "Tulidhani umekufa."

"Sijafa. Nimechoka. Sijafumba jicho tangu Jumatatu."

"Kwa nini? Kabatini si giza?"

"Giza la kuangaliwa, Bibi, si la kulaliwa. Mtoto aliniwasha, akaukunja mkeka, akaenda zake. Sikuzimika. Nimewaka Jumatatu, nimewaka Jumanne, kiroba kizima nakiona, nyuzi zake nimezihesabu. Jumatano betri ikaanza kuweweseka. Alhamisi ikakata roho mikononi mwangu. Yule mtoto akaja akakanyaga, na mimi namsikia, nataka kuitika, sina hata cheche."

"Lakini kama hakuna mguu juu yako, bati limeinuka. Wewe unawaka kwa amri ya nani?"

Balbu ikanionyesha kwa jicho. Chini ya kitanda nikaona mkeka wa Sikudhani, na ndani ya ukili, wale waya wawili wa shaba. Walikuwa wanasalimiana.

"Hujambo, ndugu yangu?"

"Sijambo, ndugu yangu. Hujambo wewe?"

"Sijambo. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Wazee je?"

"Wazima. Mifugo?"

"Mizima. Shamba?"

Basi walikwenda hivyo mpaka shamba, mpaka mvua, mpaka goti la shangazi. Wakaagana kwa heshima. Mmoja akashika njia yake kwenda ukingo wa huku, mwingine ukingo wa kule, wakageuka, wakarudi, wakakutana katikati.

"Hujambo, ndugu yangu?"

"Na kila wakishikana mkono," ikasema balbu, "mimi lazima niwake. Ndio sheria yangu."

Nilikaa chini. Nilikaa chini kweli, kwenye sakafu ya zahanati, kanga yangu ikalowa deki. Kwa maana hilo sikuhitaji kufundishwa na mtu. Katika ukili hakuna mwaa unaokaa mahali pake. Kila mwaa unakwenda mshazari mpaka ukingoni, unakunjwa, unarudi, na humo njiani utakutana na wenzake wote. Ndio kusuka kwenyewe. Nimejua hivyo tangu nina miaka saba. Na mtoto alisuka mbele ya macho yangu, nyaya mbili tupu ndani ya ukili mmoja, mimi nikasema tu, "Zinang'aa vizuri."

"Kosa si lake," nikasema. "Hakuna aliyemwambia. Mimi nilidhani ni mambo ya shule. Shule ikadhani ni mambo yangu."

"Mimi naomba kulala tu," ikasema balbu.

Chini ya kitanda kitu kikajikunyata. Nikainua shuka. Alikuwa Mwalimu Semkiwa, ana kama miaka tisa, kaptula ya kaki, tai ile ile, inamfika magotini.

"Mwalimu! Unafanya nini huko?"

"Nachora kuku, Bibi," akanong'ona. "Kwenye daftari la hesabu. Tafadhali usimwambie mwalimu."

"Mwalimu si ndiye wewe?"

"Ndiyo maana naogopa."

Nikamtazama yule kuku. Alikuwa kuku hasa, ana hasira za kuku, na chini yake kijana alikuwa amezijumlisha kucha zake.

"Kuku mzuri. Toka huko ushike hapa."

Nikachomoa shazia, ile sindano ndefu ya kushonea mikeka, kutoka kwenye nywele zangu, na sijui ilifikaje huko. Ukili mmoja nikaufumua nikafanya kili mbili. Waya mmoja nikamtia humu, mwenziwe nikamtia humo.

"Tutasalimiana vipi?" wakalalamika kwa pamoja.

"Kwa adabu. Kila mtu akae kwake. Akija mgeni akakanyaga, bati litawapelekea salamu. Mgeni akiondoka, mnyamaze."

Nikashona ukili kwa ukili, ubavu kwa ubavu, kwa mwaa mkavu usio na shaba. Semkiwa alishika ncha ya pili, ametoa ulimi kidogo pembeni kama watoto wakishika kitu cha maana. Waya wakajaribu kunyooshana mikono, haikufika.

Balbu ikavuta pumzi moja ndefu. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, ikafumba.

Naona sasa ninachoshona si mkeka tena, ni sakafu. Niko darasani, shazia mkononi, nashona ule mstari wa chaki. Pigo moja nachoma upande wa Sanaa, pigo moja nachoma upande wa Sayansi, navuta. Madawati yanasogeleana. Semkiwa anashika, anasema, "Bibi, hapa umeruka," na kweli nilikuwa nimeruka, narudi. Nilipokaza fundo la mwisho, mikono ilipanda mabegani, kichwa kikashuka shingoni, na Sikudhani akasimama mzima.

Kitu cha kwanza mikono ilichofanya ni kujikuna pua. Cha pili, ilinishika.

Pembetatu akabingirika kuja kukagua mshono. Pap, pap, pap.

"Swali lilisema changanya," akasema. "Wewe umeshona."

"Basi nimefeli?"

Akatazama ndoo. Akatazama mtoto. Akajichungulia tena zile nyuzi zake za zambarau.

"Swali limekosewa," akasema. "Umefaulu. Umechaguliwa kuendelea na darasa la nane."

"Nina miaka sitini na sita, baba."

"Umri wako una kizio?"

"Miaka."

"Basi hauna kasoro. Uje na fagio."

Rimu ya gari ikalia, nami nikafumbua macho.

Jogoo alikuwa anamalizia. Nilishuka kitandani nikaenda mlangoni, miguu mitupu, nikachuchumaa juu ya ule mkeka. Sikuwasha taa. Macho yangu ni ya mapambo siku hizi, lakini vidole vinaona. Nikaufuata waya wa kwanza mpaka ukingoni, ulipokunjwa, uliporudi. Nikaufuata wa pili. Walikutana mara tisa. Mara ya tisa nikasikia kabisa, "Mifugo?"

"Mke mwenzangu! Amka!"

"Bibi, nitaufumua mwenyewe, niache nilale."

"Utaufumua, ndiyo, lakini tutaufumua wote. Balbu yako haikufa. Imekesha."

Alikuja amejifunga shuka. Nikamshika kidole nikakipitisha pale waya wanapokutana. Mara ya nne akakaa chini, na nikaona kichwa kimeshika kazi.

"Zilikuwa zinagusana," akasema. "Muda wote. Ilikuwa imewaka kabatini, Bibi! Ikala betri yote!"

"Ukili hauna siri. Kila mwaa unajuana na mwenzake."

"Kwa hiyo kila waya uwe na ukili wake."

"Mimi sijasema kitu. Wewe ndiye msomi."

Tulisuka kwa pamoja, yeye ukili mmoja, mimi mmoja, miyaa kumi na mitatu kila mtu. Mimi nilimaliza kwanza, nikamcheka. Nilishona, yeye akashika ncha, na nilipoambiwa "Bibi, hapa umeruka," mwili ulinisisimka, lakini nikarudi nikashona. Betri tulitoa kwenye redio yangu, ile ninayosikilizia matangazo ya vifo. Leo aliyefariki itabidi aje kuniarifu mwenyewe.

Akakanyaga. Ikawaka, ndala zangu zote mbili nikaziona, na kweli moja ya bluu moja ya kijani.

Akaondoa mguu. Ikazima.

Tulipiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini. Kuwaka ilikwishawahi kuwaka, hata Jumatatu iliwaka. Ilipozima ndipo tulipokumbatiana.

Kisha akachukua kalamu na kipande cha boksi, lile la volkano, akaandika kwa herufi kubwa za kutia rangi, kila moja na rangi yake. Akakiinua nikisome. Mimi nilisoma darasa la saba, na sasa nimefaulu mara mbili, kwa hiyo nilisoma bila kusaidiwa:

UKILI MNEMBA. Waliobuni: Sikudhani na Bibi yake.

"Watacheka," nikamwambia.

"Wacheke. Wakimaliza wakanyage."

Ameondoka asubuhi hii na mkeka kichwani, amejinyoosha kama yule Moja wa Kumi na Tatu. Nimemtuma salamu kwa Mwalimu Semkiwa, nikasema pia amuulize kama anaendelea kuchora kuku. Sikudhani akaniangalia. "Kuku gani, Bibi?" Nikamwambia we muulize tu, halafu mtazame tai yake.

Lakini kabla hajaondoka alipita jikoni kunikunia nazi ya mihogo, maana mikono yake sasa inakwenda kila mahali anapokwenda. Nikamsikia amesimama.

"Bibi, jana si ulivunja nazi nzima?"

"Nzima."

"Mbona kizio kimoja tu?"

Nilikwenda kuangalia. Ningesema paka, lakini paka wangu hali nazi. Ningesema panya, lakini panya hamalizi kula akafunika. Kawa lilikuwa pale pale juu ya sahani nilivyoliacha, limekaa sawa. Nikaliinua kuelekea dirishani.

Lina matundu matatu madogo, mapya. Nimeyapima kwa vidole. Kutoka hili mpaka hili, na hili mpaka lile, na lile mpaka hili, ni sawa sawa.